Damu ya Kikwit na Seli za Hamsta: Je, Dawa Hii Ni Halali?



Tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa wa Ebola ulitesa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Watu 3470 waliugua, na 2287 kati yao wakafa. Katika siku zile watu walikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa hofu ya ugonjwa. Ya pili ilikuwa hofu ya dawa na ya wale walioileta. Mwezi wa Februari 2019 vituo viwili vya kutunza wagonjwa, kile cha Katwa na kile cha Butembo, vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Hofu ile ya pili ilikuwa na mizizi mingi: vita, uongo, siasa, na huzuni ya watu waliouawa miaka mingi bila mtu wa kuwalilia. Juu ya hayo yote wengine watasema vizuri kuliko sisi. Lakini katikati ya hofu hiyo lipo swali moja la dhamiri, nalo linastahili jibu. Mkristu anauliza hivi: «Nasikia kwamba dawa ya Ebola hutengenezwa ndani ya seli za mnyama wa jamii ya panya, na kwamba wataalamu wamezibadili seli hizo na kuzitia kitu kilichotoka kwa mtu. Je, ni halali kukubali dawa ya namna hiyo iingie katika mishipa ya mtoto wangu? Je, kazi hiyo si kuharibu kazi ya Mungu?»

Tusimcheke mtu huyu. Anajua kwamba mwili wake si gunia la kutiliwa chochote; mwili uliobatizwa ni hekalu. Wahenga walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi, tutazame kwanza jinsi dawa hii ilivyopatikana, halafu tutahukumu. Kuhukumu kitu kabla ya kukijua si haki, hata kama hukumu yenyewe ingetokea kuwa ya kweli.

1. Dawa hii ilitoka wapi?

Ilitoka kwetu, Kongo. Mwaka 1995, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, Ebola iliingia katika mji wa Kikwit. Waliugua watu 315, na wengi sana wakafa. Kati ya waliokufa walikuwamo masista sita kutoka Italia, wa shirika la Poverelle wa Bergamo. Walitunza wagonjwa, wakauguzana wao kwa wao, wakafa mmoja baada ya mwingine katika muda wa majuma machache.

Katika taabu ile, waganga wa Kikwit na Profesa Jean-Jacques Muyembe walifikiri hivi: aliyepona ana kitu ndani ya damu yake ambacho aliyekufa hakukipata upesi. Kitu hicho huitwa kingamwili. Ni kama askari ambao mwili huwafundisha kumtambua adui mmoja na kumshika. Basi, wakaomba damu kwa watu waliopona, wakawatilia wagonjwa 8. Saba walipona, mmoja akafa. Wenye elimu wa nchi nyingine walisema kwamba hesabu hiyo ni ndogo, tena kwamba wagonjwa wale walitunzwa vizuri kuliko wale wa kwanza. Kwa hiyo haikuwezekana kujua kama ni damu iliyowaponya. Walisema haki. Lakini Muyembe hakuisahau njia ile.

Mwaka 2006, yaani miaka 11 baadaye, watu waliopona Kikwit walitoa damu tena. Wataalamu wa Kongo, wa Marekani na wa Uswisi wakatafuta ndani yake, wakaona ya kuwa askari wale wangali wapo. Wakamchagua mmoja aliyekuwa hodari, wakampa jina la mAb114. Wakamjaribu kwa kima walioambukizwa Ebola, na kima hao wakapona hata walipopewa dawa siku tano baada ya kuambukizwa. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2016.

Halafu, mwezi wa Novemba 2018, jaribio kubwa lilianza Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Waliliita kwa maneno ya lugha yetu: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliingia, na dawa nne zikalinganishwa. Mwezi wa Agosti 2019 waganga walisimamisha kulinganisha, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimewapita wenzao waziwazi. Kati ya wagonjwa 100 waliopewa mAb114, walikufa 35 hivi. Dawa ya pili, REGN-EB3, ilikaribiana nayo. Kwa dawa nyingine mbili walikufa 50 hivi au zaidi katika kila 100. Na wale waliopewa moja ya dawa mbili bora wakati virusi vilikuwa bado vichache mwilini mwao, alikufa karibu mmoja tu katika kila 10.

Hivyo ndivyo damu ya Kikwit ilivyowafikia wagonjwa wa Beni. Lakini ilipita mahali fulani kabla ya kufika, napo ndipo swali letu lilipo.

2. Seli za hamsta hufanya kazi gani?

Mtu aliyepona hawezi kutoa damu ya kutosha kwa wagonjwa elfu. Tena damu inaweza kubeba magonjwa mengine. Kumbukeni kwamba kabla ya mwaka 1985 watu wengi wa Ulaya na Marekani wenye ugonjwa wa damu isiyoganda walitiwa UKIMWI na dawa iliyokusanywa kutoka damu za watu wengi. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia ya kumtengeneza askari huyo bila kumkamua mtu damu.

Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa seli, ndizo sehemu ndogo sana zenye uhai ambazo jicho peke yake haliwezi kuziona. Ndani ya seli kuna maagizo ya kazi, na agizo moja huitwa jeni. Ajabu ni hii: maagizo ya viumbe vyote yameandikwa kwa alfabeti moja yenye herufi nne tu. Mtu, mbuzi, muhogo na uyoga, wote wana alfabeti ile ile. Kwa sababu hiyo seli ya kiumbe kimoja inaweza kusoma agizo lililotoka kwa kingine.

Mwaka 1957, huko Denver katika Marekani, mtaalamu Theodore Puck alipata seli kutoka ovari ya hamsta mmoja jike. Hamsta ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, na huyu alikuwa wa aina inayotoka China. Seli nyingi zilizotolewa mwilini huzaana kwa muda, kisha huchoka na kufa. Hizi hazikuchoka. Hamsta mwenyewe amekufa zamani, lakini ukoo wa seli zake unaendelea mpaka leo katika maabara na viwanda vya dunia nzima. Mkulima hatashangaa sana. Mti wa muhogo uliopanda mwaka huu ulikatwa kwenye muhogo mwingine, na huo kwenye mwingine, mpaka shina la zamani lililovuka bahari kutoka Amerika. Shina lile limeoza, nao muhogo ungali unalisha watoto wetu.

Mwaka 1980, Gail Urlaub na Lawrence Chasin wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walipata seli za ukoo huo zilizokosa jeni moja ya lazima. Seli ya namna hiyo, ikinyimwa chakula fulani, hufa. Basi, mtaalamu akitaka kuipa seli agizo jipya, hulifunga pamoja na jeni ile iliyokosekana, kama barua mbili katika bahasha moja. Kisha huondoa chakula kile. Seli zilizopokea bahasha zinaishi. Ambazo hazikupokea zinakufa. Kati ya zile zilizoishi huchaguliwa moja iliyo hodari, nayo huzaa ukoo mzima. Ukoo huo hutiwa katika mapipa makubwa ya chuma, mengine ya lita elfu 10 au zaidi, ukalishwa na kupewa hewa na joto linalofaa. Seli hutoa kazi yao nje, katika maji yanayozizunguka. Dawa ya kwanza ya njia hii ilipata kibali Marekani mwaka 1987. Huyeyusha damu iliyoganda katika mishipa ya moyo.

Mtu atauliza: kwa nini wasitumie bakteria, ambao ni rahisi kulisha? Kweli, insulini ya wagonjwa wa sukari imetengenezwa katika bakteria tangu mwaka 1982. Lakini kingamwili ni kitu kikubwa, chenye mikunjo mingi, tena kimepambwa kwa sukari mahali pake. Bakteria hawajui kazi hiyo vizuri. Hamsta ni mnyama anyonyeshaye kama sisi, na seli yake inaijua.

Na kwa nini wazidi kuzibadili seli hizo kila mwaka? Tufanye hesabu. Mgonjwa wa Ebola hupewa miligramu 50 za mAb114 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 3. Katikati ya miaka ya 1980, lita moja ya pipa ilitoa miligramu 50 hivi za dawa. Yaani mtu mmoja angehitaji lita 60. Siku hizi lita moja inaweza kutoa gramu 5 au zaidi. Lita moja inamtosha mtu mmoja. Tofauti hiyo si mchezo wa wenye elimu. Ni tofauti kati ya dawa ya wachache na dawa inayoweza kufika kijijini.

Mwishoni dawa husafishwa. Seli huondolewa, mabaki yake huondolewa, na virusi vikiwamo huuawa au huchujwa. Kinachoingia katika mshipa wa mgonjwa ni kingamwili chenyewe, kilichofuata agizo lililotoka kwa ndugu yetu wa Kikwit. Hakuna seli ya mnyama inayokwenda kukaa ndani ya mgonjwa.

3. Je, ni kuchanganya mtu na mnyama?

Sasa tuhukumu. Neno la kwanza la muulizaji ni hili: wamechanganya mtu na mnyama.

Jibu letu: hapana. Mtu si jeni. Mtu ni roho na mwili vilivyounganishwa na Mungu kuwa nafsi moja. Maagizo ya mwili wa mtu yapata elfu 20. mAb114 inahitaji mawili tu, moja kwa kila aina ya nyuzi zake. Ukiandika sentensi mbili za barua ya baba yako katika daftari la jirani, daftari halijawa baba yako. Wala seli iliyo ndani ya pipa si mnyama: haina macho, haina moyo, haisikii maumivu. Tena haitazaa kamwe hamsta mwenye sura ya mtu, kwa kuwa haizai hamsta yeyote.

Wengine wanataja Sheria ya Musa, iliyowakataza Waisraeli kupanda mbegu za namna mbili katika shamba moja. Ni kweli, sheria hiyo ilikuwapo, nayo iliwafundisha watu wa Mungu kujitenga na upagani. Lakini ni nani kati yetu asiyepanda mahindi na maharagwe pamoja? Hakuna padri aliyemwungamisha mkulima kwa ajili ya hayo. Yezu alifundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka moyoni mwake. Basi, tuangalie moyo wa kazi hii, yaani nia yake, njia yake na matunda yake.

4. Je, ni kumnyang'anya Mungu kazi yake?

Neno la pili: mtaalamu anajifanya Muumba.

Muumba huumba bila kitu. Mtaalamu hajaumba hata herufi moja ya alfabeti ile, aliikuta. Hajaumba seli, aliipokea kwa hamsta. Hajabuni kingamwili, alikisoma katika damu ya mtu aliyepona. Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Mhunzi hugeuza udongo mwekundu kuwa jembe, na mama hugeuza muhogo wenye sumu kuwa unga salama kwa kuuloweka na kuuanika. Kubadili kiumbe ili kimsaidie mtu ni sehemu ya kazi tuliyopewa tangu mwanzo. Hata Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, hakuilaumu kila kazi ya kubadili mimea na wanyama. Alitaka tutazame namna yake na shabaha yake.

Lakini kupewa bustani si kupewa ruhusa ya kila kitu. Baba Mtakatifu Pius XII, alipoongea na waganga mwaka 1952, aliwaonya kwamba elimu si kitu cha juu kuliko vyote, wala kutafuta kujua hakuhalalishi kila njia. Onyo hilo halijazeeka. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa China alitangaza kwamba watoto wamezaliwa baada ya yeye kubadili jeni zao walipokuwa viinitete. Dunia nzima ilishtuka, na serikali yake ikamtia gerezani. Yeye alimfanya mtoto kuwa kitu cha kujaribiwa, na mabadiliko yale yanaweza kushuka mpaka kwa wajukuu ambao hawakuulizwa. Hapo Eklezia inasema: simama. Kubadili seli ya hamsta ndani ya pipa na kubadili mtoto wa mtu ni mambo mawili, hata kama mikono na vyombo vinafanana. Kisu cha kukatia nyama na kisu cha kuulia mtu vinaweza kutoka kwa mhunzi mmoja.

Tena, hata kazi iliyo halali inadai uangalifu. Mwaka 2009 kiwanda kimoja cha Marekani kililazimika kusimamisha kazi kwa sababu virusi viliingia katika mapipa ya seli za hamsta, na wagonjwa wenye magonjwa ya nadra wakakosa dawa yao. Na wale kima waliojaribiwa? Eklezia hufundisha kwamba mtu anaweza kutumia wanyama kwa ajili ya kuokoa maisha ya watu, lakini kuwatesa bila sababu ni kujishushia heshima yeye mwenyewe. Mtaalamu Mkristu atatumia wachache iwezekanavyo, tena kwa huruma.

5. Jeraha lililo katika seli nyingine

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Si kila ukoo wa seli ulitoka kwa mnyama. Uko mmoja uliotoka katika figo ya mtoto ambaye hakuzaliwa, huko Leiden, Uholanzi, karibu na mwaka 1973; na mwingine uliotokana na jicho la mtoto wa namna hiyo, mwaka 1985. Ukoo huu wa pili ulitumika kutengeneza chanjo ya pili ya Ebola, ile iliyotolewa Goma kuanzia Novemba 2019. Chanjo ya kwanza, iliyotolewa Beni na Butembo, ilitengenezwa katika seli za figo ya kima.

Eklezia imefundisha juu ya jambo hili mara kadhaa: mwaka 2005, mwaka 2008 katika hati Dignitas personae, na tarehe 21 Desemba 2020 wakati wa Korona. Mafundisho yake ni haya kwa kifupi. Kumtoa mimba mtoto ni uovu mkubwa, na matunda mema yanayokuja baadaye hayaufanyi kuwa wema. Wataalamu na wenye viwanda wana wajibu wa kujitenga na uovu huo na kutafuta njia nyingine. Lakini mama anayemleta mtoto wake mbele ya kifo, akiwa hana dawa nyingine, hashiriki katika dhambi ile ya zamani. Anaweza kuipokea dawa, huku akitaka ipatikane nyingine isiyo na jeraha. Basi, ninyi wa Goma mliochanjwa, msilale bila usingizi. Hamkutenda dhambi.

Na sasa mnaona jambo ambalo wengi hawalioni. Ziko dawa za damu isiyoganda zinazotengenezwa katika seli zile za Leiden, na ziko nyingine za ugonjwa huo huo zinazotengenezwa katika seli za hamsta. Kadiri seli za hamsta zinavyoboreshwa, ndivyo mtu asivyo na sababu ya kurudi kwenye zile zenye jeraha. Mtaalamu anayekesha usiku ili seli ya mnyama ifanye kazi safi zaidi anaweza kuwa anailinda heshima ya mtoto ambaye hakuzaliwa. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hamsta huyu wa China ni mgeni wa namna hiyo.

6. Swali ambalo hatuliulizi

Tumejibu swali la muulizaji. Dawa hii ni halali. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeangalia pipa tu, na kumwacha mtu nje ya mlango.

Kuna tajiri mmoja katika Injili aliyevaa nguo nzuri na kula vizuri kila siku, na maskini Lazaro alilala mlangoni pake. Yezu hakusema kwamba chakula cha tajiri kilikuwa najisi. Hakusema kwamba alikiiba. Tajiri alipotea kwa sababu chakula kilikuwapo, Lazaro alikuwapo, na mlango ulikuwa kati yao.

Mtu wa Kikwit alitoa damu yake. Hakuiuza. Aliitoa kwa sababu alikuwa amepona, naye aliwakumbuka wale ambao hawakupona. Kutokana na zawadi hiyo imetoka dawa, na kampuni moja ya Marekani ikapata haki ya kuitengeneza. Ikapewa kibali cha serikali ya nchi hiyo tarehe 21 Desemba 2020. Hatusemi kwamba mwenye kiwanda asilipwe. Mapipa ni ghali, wafanyakazi wana watoto, na mfanyakazi anastahili ujira wake. Wakati wa ugonjwa ule wagonjwa wa Kivu na Ituri walitibiwa bure, nasi tunashukuru. Lakini zawadi inafunga. Anayepokea zawadi kwa ajili ya wagonjwa hana ruhusa mbele ya Mungu kuifanya mali ya kuwafungia wagonjwa nje. Eklezia imefundisha siku zote kwamba vitu vya dunia viliwekwa kwa ajili ya watu wote, na mali ya mtu binafsi ina deni kwa wengine. Mwezi wa Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hizi mbili zitumiwe, tena likataka ziwafikie wanaozihitaji. Shauri bado si dawa mkononi.

Tena Ebola si ugonjwa peke yake. Katika seli za hamsta hutengenezwa pia trastuzumabu, dawa ya aina moja ya kansa ya titi, iliyopata kibali Marekani mwaka 1998. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Ni mama wangapi wa parokia zetu wameiona? Tunamhoji hamsta kwa ukali, lakini bei hatuihoji, wala barabara, wala hospitali isiyo na friji.

Wahenga walisema: mchumia juani hulia kivulini. Watu wa Kikwit na wa Beni walichuma juani. Ni haki nao wale kivulini. Mwaka 2019 Profesa Muyembe alisema kwamba damu ya wagonjwa wa Ebola wa Kongo ibaki Kongo, na anayetaka kuichunguza aje kuichunguza hapa pamoja na wataalamu wetu. Wengine waliona ni kiburi. Sisi tunaona ni neno la mtu anayejua thamani ya alichokabidhiwa, na anayetaka vijana wa Kongo wajifunze kuyaongoza mapipa hayo wao wenyewe.

Tufanye nini basi?

Kwanza, mgonjwa apelekwe hospitalini mapema. Mmesikia hesabu: aliyetibiwa mapema ana tumaini kubwa, na siku mbili za kungoja nyumbani kwa hofu zinaweza kuwa siku mbili za mwisho.

Pili, mkisikia habari ya dawa mpya, ulizeni maswali matatu, wala msiogope kuyauliza mbele ya daktari: Imetoka wapi? Ni kwa ajili ya nini? Inamfikia nani? Daktari mwema hatakasirika. Akijibu vizuri, rudini kijijini mkawaeleze wengine, maana hofu haishindwi na amri, inashindwa na ukweli uliosemwa na mtu anayeaminika.

Tatu, wazazi, msiwazuie watoto wenye akili ya elimu kwenda kujifunza kazi hizi. Mkristu akikosekana katika maabara, nani atauliza pale ndani habari za mtoto ambaye hakuzaliwa na habari za Lazaro?

Nne, kila mwenye neno mbele ya wakubwa, awe mwalimu, chifu, diwani au mfanyabiashara, alitumie neno hilo ili dawa zilizotoka katika damu ya maskini ziwafikie maskini.

Wale masista sita wa Kikwit hawakuwa na dawa yoyote ya Ebola. Walikuwa na maji, vitambaa na mikono yao, wakavitoa vyote mpaka mwisho. Sisi tumepewa zaidi yao, nasi tutaulizwa zaidi. Tumwombe Mungu, aliyeandika uhai wote kwa alfabeti moja, atujalie hekima ya kuusoma vizuri na mapendo ya kutowafungia ndugu zetu mlango.